Jina la Tano katika Daftari la Mwalimu Eliya Sumari

Baba Mchungaji, Padre uliyetoka Kibosho, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani, na ninyi wanafunzi wa Mwalimu wa miaka yote, wenye mvi na wasio na mvi, familia ya Sumari imesimama mbele yenu leo Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, siku moja baada ya Nane Nane, kuwasomea maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akisahihisha historia za marehemu wa watu wengine akiwa amekaa pale pale msibani, tarehe zote humu zimehakikiwa mara mbili, maana hata sasa tunamwogopa.

Mwalimu Eliya Sumari alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Songoro, chini kidogo ya msitu wa Mlima Meru, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Mzee Sumari na Mama Ndeshukurwa, akabatizwa mwezi Juni mwaka huo huo, ila ili maisha yake yaeleweke ni lazima turudi nyuma miaka mitano kabla hajazaliwa, jambo ambalo asingelikubali kwenye insha ya mtoto wa darasa la nne.

Tarehe 11 Mei 1943, masika ikiwa imekolea, ndege ya vita, ile ya kubeba mabomu, ilitoka Nairobi ikapotea kwenye ukungu na kugonga mlima juu ya kijiji hiki, na Mzee Sumari, wakati huo kijana, akapanda msituni na wenzake, wakawakuta wanajeshi wanne Wazungu wamekwisha kufa, wakawabeba kwa machela za matawi, wakawazika juu kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa, na kichwani pa kila mmoja akapanda isale, jani letu ambalo Mmeru na Mchaga hulipanda kaburini, hulipanda mpakani, na hulishika mkononi anapokwenda kuomba msamaha. Siku ya tatu wakampata wa tano, Mwafrika aliyevaa kaki, ametupwa mbali korongoni, na kwa kuwa mvua haikuwaruhusu kupanda naye, wakamzika kule chini kihamba kinapoishia, naye akapandiwa isale lake. Mwezi Juni jeshi likaja na orodha ya watu wanne, likafukua wanne, likaondoka nao kwa heshima zote, na Mzee Sumari alipojaribu kueleza kwamba yuko wa tano, mkalimani akamjibu kwamba orodha ya Serikali ina watu wanne na Serikali inajua kuhesabu.

Marehemu alianza shule mwaka 1956, akaendelea na shule ya kati, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Marangu mwaka 1966 na kuhitimu Desemba 1967, akaajiriwa Januari 1968 kufundisha Nduruma, akahamia Ngarenaro mwaka 1977, na huko akafundisha Hisabati na Historia hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2008, siku aliyotimiza miaka sitini, bila hata siku moja ya nyongeza. Wale mliopita mikononi mwake mnalikumbuka daftari la mahudhurio, kwamba jina la mtoto lilisomwa, mtoto akaitika, Mwalimu akamtazama usoni, ndipo alama ya vema ikawekwa, na aliyeitikiwa na rafiki yake, wote wawili walijua walichokipata.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa takatifu na Anyesi binti Yiamat, kutoka kwa Waarusha wa upande wa magharibi wa mlima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Godwin na Elifuraha, na wajukuu watano. Mama Godwin, ambaye yuko hapa nasi, amekuwa akisema kwa miaka thelathini kwamba yeye aliolewa na mwanamume mmoja, akajikuta anapika chai ya wageni wa marehemu watano wasio ndugu zake, na alisema hivyo huku akipika.

Sasa tufike mahali ambapo Mwalimu mwenyewe aliagiza pasirukwe. Baada ya Mzee Sumari kufariki tarehe 2 Septemba 1978, Mwalimu alitazama isale lile la chini, akaamua kwamba ndilo mpaka wa baba yake, na jirani yetu Mzee Kaanaeli, ambaye pia yuko hapa, akasema kwamba mpaka uko hatua tatu juu ya isale, na kwa hatua hizo tatu watu hawa wawili, waliokuwa wakiimba kwaya moja, walishtakiana kwa wazee, kwa balozi wa nyumba kumi na kwenye baraza la kata kwa muda wa miaka kumi na mmoja, hawakusalimiana, na watoto wao wakakatazwa kuchota maji pamoja. Mwezi Februari 1990 baraza liliamuru nguzo ichimbiwe pale pale penye isale, na pigo la kwanza la jembe la Mwalimu likagonga kijiko cha jeshi kilichokwaruzwa namba 4471, na chini yake ukaonekana mfupa wa mkono.

Mama Ndeshukurwa, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwapikia wazee wa baraza na kurudi jikoni, aliitwa akaja akifuta mikono, akatazama, akawaambia kwamba hapo amelala askari wa ile ndege, marehemu mume wake alikuwa akimwonyesha kila masika, na walipomuuliza kwa nini hakusema, aliwajibu kwamba kwenye mambo ya mipaka huwa wanaitwa wanaume, na kwamba hakuna aliyemuuliza. Watu waliokuwepo wanasema Mwalimu alikaa chini kwenye udongo kama mtoto, akalia kwa aibu, kwa sababu alikuwa amemgombania mtu kama shamba. Wakamfunika askari na kurudishia udongo, Mwalimu akakata jani la isale, akavuka zile hatua tatu, akampa Mzee Kaanaeli na kumwachia hatua hizo, naye akalipokea, maana isale halikataliwi.

Kuanzia siku hiyo marehemu alikuwa na jambo moja tu lililomnyima raha, kwamba yupo mtoto wa watu ambaye hajaitwa jina, na kwamba yeye Eliya hapaswi kufa kabla hajajua ni mtoto wa nani. Alichukua daftari jipya la mahudhurio, akaandika namba moja hadi tano, akaanza kuandika barua, akiandika yeye na kugharimia stempu Mzee Kaanaeli, wakiandikia ofisi za kumbukumbu za vita Uingereza, makanisa, hata mabaraza ya miji, na majina ya wale wanne yakapatikana kufikia mwaka 1994, kisha ndugu zao mmoja mmoja, dada wa rubani aliyekuwa bado akioka mikate kwenye duka la baba yao, binamu wa mtazama ramani huko Kanada, wapwa wawili wa mtu wa redio, na mwaka 2011 mjukuu wa kaka wa mpiga bunduki, aliyekuja mwenyewe hadi hapa, akala ndizi nyama, akapanda mlimani, akakaa pale kwa muda mrefu. Kila ukoo ulipopatikana, Mwalimu aliandika habari zao, nani alizaa nani, nani alibaki akingoja, ndipo akaweka alama ya vema.

Mstari wa tano ulibaki na namba ya kijiko tu. Ofisi zilimjibu kwamba ndege hiyo ilikuwa na watu wanne, na vitabu vya askari Waafrika wa mwaka huo havionekani, naye alipoona karatasi zimemshinda akarudi kwa watu, na hapa wengi wenu mnacheka kwa sababu mnakumbuka, kila harusi, kila kipaimara na kila msiba kuanzia Nduruma hadi Rombo, wakati wa matangazo Mwalimu alisimama na kijiko chake akasoma namba 4471, vijana wakampachika jina la Mwalimu Kijiko, na wako wana kamati za harusi waliomwomba Mama Godwin amwache nyumbani. Hakuwakasirikia, alisema kuchekwa hakujamwua mtu.

Tarehe 16 Novemba 2019 alikwenda Kibosho kumzika nyanya wa mwalimu mwenzake, Bibi Fransiska, aliyefariki akiwa na miaka tisini na sita, na historia yake ilipokuwa inasomwa, kama hii, msomaji akasema kwamba mume wa marehemu, Aloisi Mallya, fundi katika jeshi, aliandika barua ya mwisho kutoka Nairobi mwezi Mei 1943, akisema amepewa likizo na amepata lifti ya ndege itakayomshusha Moshi, anakuja kumwona mtoto wake wa kike aliyezaliwa Januari, na kwamba hakuja. Mwalimu hakungoja matangazo. Alisimama katikati ya historia ya watu, kosa ambalo yeye mwenyewe angelikemea, akaomba kuiona barua hiyo, ikaletwa ikiwa ndani ya kitabu cha sala, na mwisho wake, chini ya jina, palikuwa na namba 4471.

Mtoto huyo wa kike ni Mama Pudensiana, aliyekaa hapa mbele pamoja na familia, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, ambaye alikua akiambiwa kwamba baba yake alioa mwanamke mwingine Nairobi akawatupa, na mama yake alisemwa hivyo hadi uzeeni, wala hakuolewa tena. Bibi Fransiska alifariki siku nne kabla ya jibu kufika kwake, na Mwalimu aliumia sana kwa siku hizo nne, lakini Mama Pudensiana alimwambia kwamba yeye amepata baba akiwa mzee na bado ni baba, kwa hiyo asilie peke yake, na wakalia wote wawili.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2020, akawa anahudhuria kliniki akitokea kwa binti yake Elifuraha, anayeishi Sekei, huku akifuatilia kibali cha kumfukua Aloisi ili akazikwe Kibosho kando ya mke wake, na kibali kilitoka tarehe 12 Julai mwaka huu, siku mbili baada ya yeye kulazwa. Tarehe 30 Julai Aloisi alitolewa kwa sala, Mzee Kaanaeli akishika kamba upande mmoja, na Elifuraha alipompelekea Mwalimu habari hospitalini alimpelekea na daftari, akidhani ataweka alama, lakini Mwalimu aliandika jina tu, Aloisi Mallya, akafunga kalamu, akasema mtoto huyu hajafika nyumbani bado. Aliaga dunia Jumapili tarehe 4 Agosti 2024, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akiwasahihishia tarehe kwenye faili, walimu wenzake, majirani, Kanisa, na parokia iliyomhifadhi Aloisi kwa siku hizi kumi. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mzee Kaanaeli na ukoo wake, kwa sababu Mwalimu aliomba azikwe penye isale la chini, lisibaki bila mtu, na kaburi lisingeweza kuchimbwa pale bila kuvuka mpaka, na Mzee Kaanaeli akawajibu wazee kwamba zile hatua tatu amempa ndugu yake, mbele ya mashahidi, na zisijadiliwe tena.

Kesho Jumamosi saa mbili asubuhi mabasi mawili yataondoka hapa kumsindikiza Aloisi Mallya hadi Kibosho, mwenye nafasi karibu, na akishawekwa kando ya Fransiska, Mama Pudensiana atafungua daftari hili kwa kalamu ya Mwalimu, atasoma jina la baba yake kwa sauti, atamwitikia yeye mwenyewe, na ataweka alama ya vema kwenye mstari wa tano. Mwalimu wetu, darasa limetimia, pumzika kwa amani.