Fundi Flashi na Kompyuta Zake Zisizo na Diski

Huyu tunayemzika leo, mliyezoea kumwita Fundi Flashi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akafiwa na wazazi wote wawili hajaota meno ya pili. Alilelewa na shangazi yake, ambaye ndiye aliyesema haya yaandikwe, na yaandikwe hivihivi.

Shule alifika kidato cha nne, mwaka 1989. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimtuma alikwenda, usipomtuma alikaa.

Mwaka 2004 aliajiriwa zahanati, dirisha la kuandikisha wagonjwa. Umeme ulikatika kila mara, na kila ukikatika diski inakufa. Akazing'oa diski zote. Akaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi. Kompyuta ikiwashwa inaisoma, kisha kazi yote inaifanya kichwani, kwenye kumbukumbu yake ya muda. Izime ghafla, iwashe tena, inaamka nzima kama mpya. Ila ya leo usipoyahifadhi kwenye flashi ya pili, yamekwenda. Kila jioni alipita akiuliza, "Mmehifadhi?" Manesi wakimjibu kwa utani, "Tumehifadhi, baba mkwe!" Dirisha lile halikufungwa hata siku moja kwa sababu ya kompyuta.

Tarehe 6 Juni 2009 alioa fundi cherehani, mwanamke wa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akamtengenezea kompyuta ya namna ileile, ya kuwekea vipimo vya wateja. "Hii haifi," akajisifu. Mke akashinda anaingiza vipimo vya sare za kwaya nzima. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta nzima, vipimo hakuna.

"Si nilikwambia uhifadhi?" marehemu akasema. Basi, hilo tu.

"Kitu chako hakifi na hakikumbuki," mke akamjibu. "Kama mwenyewe." Akabeba cherehani, akaondoka.

Kesho yake marehemu akaitengeneza iwe inahifadhi kazi yenyewe. Kesho yake! Shangazi akamwambia, "Mfuate." Akasema, "Akirudi ataikuta tayari." Ikabaki mezani inawaka, kiti kitupu mbele yake, mpaka vumbi la kiti likawa la kufutwa kila Jumapili.

Figo zilimwanza Januari 2023. Kila mlango ukigongwa aliinua kichwa: "Nani?" Ni shangazi. "Aa, karibu," akageukia ukutani. Alifariki tarehe 19 Agosti, alasiri, nyumbani kwake.

Jana mkewe alikuja na shati jeupe, ameshona bila kupima. Bega, kifua, mkono, vyote anavyo kichwani. Marehemu akavishwa. Limempwaya.

Shangazi akamwambia palepale, "Hiki kipimo cha yule uliyemwacha. Huyu hukumpima."

"Nipe sindano, shangazi," akasema.

Sindano akapewa. Akalipunguza shati likiwa mwilini mwa mumewe, polepole, kama anayeogopa kumchoma. Msamaha hakuomba, wala hakupewa.

Marehemu ameacha shangazi mmoja, na mjane mmoja, maana talaka hakuandika. Mtoto hakujaliwa. Kompyuta bado inawaka.

Amani aliyoingojea mlangoni, aikute huko alikokwenda.