Meza Ipite Kwanza: Bi. Tupokigwe Mwasenga Aaga Idara ya Mipango Miji

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, Bi. Tupokigwe Mwasenga, Afisa Mipango Miji Mkuu wa halmashauri yetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anaondoka akiwa na miaka sitini kamili, afya njema, na jozi ya tisa ya buti za kazini. Nane zilizotangulia zilikwisha soli kwenye vichochoro vya Kinondoni na Temeke, na hakuna hata moja iliyotupwa. Zote ziko kwenye kabati la idara, na tunamwomba azichukue.

Wengi mmeshasikia kwamba hastaafu ili akapumzike. Ametangaza kwamba atagombea udiwani katika kata yake, na akiupata atawaomba madiwani wenzake wamchague kuwa meya. Jarida hili ni la watumishi na halimpigii mtu kampeni. Mhariri amenikumbusha hilo mara mbili, kwa mdomo na kwa maandishi. Basi mimi nitaeleza kazi aliyoifanya. Nitaeleza pia kosa nililomfanyia mimi mwenyewe, Kornelio Nnunduma, mchora ramani wake kwa miaka kumi na tisa. Kosa hilo nusura limharibie jina, na sasa anapokwenda kuomba kura sitaki watu wawe wanaijua nusu tu ya habari.

Bi. Tupokigwe alizaliwa Tukuyu, mkoani Mbeya, akaja Dar es Salaam kusomea mipango miji, na akaajiriwa Aprili 1991. Enzi hizo michoro ilichorwa kwa wino, na aliyekosea alikwangua kosa lake kwa wembe. Husema kwamba sisi wa kompyuta tuna bahati, kwa sababu makosa yetu hayamkati mtu vidole. Alianzia Ubungo, akapelekwa Buguruni, na mwaka 1998 akakabidhiwa mtaa mmoja upande wa Temeke, mbele kabisa ya Mbagala, ambao ulikuwa umejengwa bila mpango wowote.

Huko ndiko alikokosea kosa lake kubwa, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kulisimulia. Kwenye picha ya anga mapaa yalikuwa yamebanana, lakini katikati palionekana nafasi nzuri yenye vichaka. Alifurahi sana. Akaandika hapo neno "soko", mchoro ukapitishwa, na mawe ya mipaka yakapandwa. Wiki iliyofuata alikuja ofisini Mzee Shomari, mwenyeji wa pale, kanzu imepigwa pasi, akamwomba waongozane. Hakugomba. Walipofika alimshika mkono, akamwingiza kwenye vile vichaka na kuanza kumtambulisha kwa ndugu zake. Yalikuwa makaburi ya ukoo, bila saruji wala majina, kila moja na mawe mawili tu, kichwani na miguuni.

"Huyu ni baba, huyu mama," mzee alisema. "Waamkie, mwanangu. Umewajengea soko juu yao na hata hodi hukupiga."

Bi. Tupokigwe akatoa shikamoo kaburi kwa kaburi, yote kumi na saba. Mchoro ukafutwa, soko likahamishiwa kwingine, na yeye akapewa barua ya onyo. Barua hiyo aliitia fremu akaitundika karibu na kalenda, na ilikaa hapo mpaka Ijumaa iliyopita. Wageni wengi walidhani ni cheti, na hakujisumbua kuwasahihisha. Tangu siku ile hakusaini mchoro wowote kabla hajautembea kwa miguu pamoja na wenyeji.

Katika kutembea huko ndiko ilikopatikana meza. Watu wa vichochoroni hawalalamikii barabara kwa mita. Wanasema gari la zimamoto halifiki, mgonjwa anabebwa kwenye kiti, na msiba ukitokea maiti hutoka kwa taabu. Alilisikia hili la maiti kila mtaa alioenda. Mwishowe akaamua kwamba njia inatosha pale tu watu wanne wanapoweza kupita na jeneza mabegani, huku wawili wakija upande wa pili, bila yeyote kukanyaga baraza ya mtu. Aliwahi kwenda msikiti mmoja kuazima jeneza la majaribio, akakataliwa kwa heshima zote. Akarudi ofisini akachukua meza ya mninga iliyokuwa masjala, ambayo ina urefu unaofaa na, kwa bahati mbaya yetu, uzito pia.

Huo ukawa utaratibu wa idara. Mstari wa njia unamwagwa chokaa chini kufuata rasimu ya mchoro, kisha watu wanne wanabeba meza toka mwanzo hadi mwisho. Kona ya mbele kushoto ilikuwa yake siku zote. Kama ofisa mpya alitaka kuharakisha mambo, alijibiwa kwa maneno ambayo sasa tunayajua wote: meza ipite kwanza, saini baadaye. Kule Buguruni bwana mmoja alitutazama kwa huruma, akadhani ofisi yetu imefukuzwa kwenye jengo, akatuitia kirikuu, kile kigari cha mizigo, ya kutuhamisha.

Kwa utaratibu huo amepanga mitaa ishirini na mitatu. Amesimamia kutengwa kwa viwanja kumi na kimoja vya shule, na vyote vimejengwa shule. Lakini nisimchore kama malaika. Akiwa kazini husahau kwamba binadamu hula mchana. Mwandiko wake tulikuwa tukiupeleka kwa mhudumu wa masjala atusomee. Na akikukuta umeegemea ukuta wa mtu wakati wa upimaji, utajuta kuzaliwa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 2022 tulikuwa tunaurasimisha mtaa wa Migombani Juu, upande wa Bunju, na huko ndiko anakoishi yeye. Ilitakiwa njia ya mita sita kutoka barabara kuu hadi zahanati. Kaya hamsini na mbili zilikubali kuacha vipande vya maeneo yao ili njia ipatikane, kila moja kwa hiari na kwa saini. Kaya ya hamsini na mbili ilikuwa ya Bi. Tupokigwe. Mstari ulipita juu ya ukuta wake na katikati ya baraza aliyoijenga marehemu mumewe, Mwalimu Elibariki. Mwalimu aliisakafia mwenyewe kwa vipande vya vigae vilivyovunjika, akavipanga kwa rangi, mwaka mmoja kabla hajafariki. Bi. Tupokigwe alichora ule mstari kwa penseli, umenyooka, akanipa niuingize kwenye kompyuta.

Mimi nimekula kwenye baraza ile Jumapili nyingi. Nilipofika kwenye kona yake, mkono wangu ulikataa. Niliupinda mstari mita moja na nusu, ukazunguka baraza kwa adabu, kisha nikaurudisha kwenye njia yake. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia kwamba kwenye mchoro mrefu namna ile hakuna atakayeona, na kwamba mwanamke aliyewapa watu njia miaka yote hiyo anastahili kubaki na baraza moja. Mstari wa chokaa ukamwagwa kwa kufuata mchoro wangu, asubuhi, wakati yeye akisalimiana na watu upande wa zahanati.

Meza ilianzia hukohuko. Kona ya nyuma alishika Apolonia, mama muuza maandazi ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa msiba wake. Mwaka 2019 jeneza la mumewe lilikwama kwenye kichochoro kile, ikabidi lipitishwe juu ya ukuta wa jirani, huku vijana wakilipokea upande wa pili. Tulipita nyumba hamsini na moja. Watu walikuwa wakipiga makofi, wengine tayari wameshabomoa kuta zao. Kwenye nyumba ya hamsini na mbili meza ikagonga. Upande mmoja kulikuwa na nguzo ya umeme, upande mwingine baraza ya mkuu wa mipango miji, na mstari wa chokaa umepinda kuikwepa, kila mtu anauona.

Makofi yakakoma. Apolonia aliiweka chini kona yake.

"Mume wangu mie alipita juu ya ukuta," alisema. "Sie wote tumebomoa. Wa kwako ndio hauguswi, mama?"

Miaka yote ya Bi. Tupokigwe ya kutembea ilikuwa imesimama pale, na watu hamsini wanaitazama ikigeuka uongo. Aliniomba karatasi za michoro. Akatandaza juu ya ile meza mchoro wake wa penseli na ule wangu wa kompyuta, akailinganisha, akaweka kidole kwenye kona.

"Kornelio, hapa kapinda nani?"

Niliona nikinong'ona itakuwa kosa la pili, kwa hiyo nilijibu ili hata wa nyuma wasikie: "Ni mie, mama. Hukujua."

Hakunitetea wala hakunigombeza. Alichukua kopo la rangi nyekundu kutoka kwa Nassibu, mwenyekiti wa mtaa, akapaka alama ya X kwenye ukuta wake na nyingine kwenye nguzo ya baraza. Fundi aliitwa mchana uleule. Kabla nyundo haijaanza aling'oa vigae vya Mwalimu kimoja kimoja na kuvitia kwenye ndoo, na Apolonia akachuchumaa kumsaidia. Jumamosi iliyofuata meza ilipita mpaka barabara kuu bila kugusa kitu, na hapohapo barabarani akasaini.

Siku ile ya X tulirudi kwa gari la ofisi. Njiani aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ulitaka kunisitiri, Kornelio. Umenivua nguo mbele ya mtaa mzima." Nilikaa nayo kutoka Bunju mpaka Mwenge, na kwa foleni ya barabara ile mnajua huo ni muda gani. Wiki iliyofuata nilikuta bahasha mezani kwangu. Ndani mlikuwa na barua ya onyo iliyosainiwa naye, na fremu.

Sasa mnaijua habari yote. Atakayesikia mtu anasema kwamba mgombea huyu aliwahi kupindisha njia kuokoa nyumba yake, aliyepindisha nipo, chumba namba saba, na barua iko ukutani.

Kuhusu hilo la kugombea, wazo lilikuwa la Apolonia. Mwaka jana gari la wagonjwa liliingia Migombani Juu kwa mara ya kwanza kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu, likamfikia mlangoni. Wiki hiyohiyo Apolonia alikuja ofisini na akina mama wenzake wanane kumwomba Bi. Tupokigwe agombee. Aliwakatalia mara mbili. Kilichombadilisha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kabati letu. Ndani yake kuna michoro arobaini na mmoja ambayo imetembewa, meza imepita, wananchi wamesaini, na inasubiri kupangiwa nafasi kwenye kikao cha baraza la madiwani. Kwa miaka mingi amekaa kwenye benchi la korido, mafaili mapajani, akingoja kuitwa ndani atoe maelezo ya dakika tano. Amechoka na lile benchi. Anataka akawe ndani, apige kura.

Ijumaa iliyopita alikabidhi ofisi. Alinipa ufunguo wa kabati, futikamba na meza. Kisha akaniachia faili moja ambalo sikulitarajia. Ni la mtaa wangu mimi, hukohuko Bunju, mstari umeshachorwa kwa penseli. Juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake ulisomeka: "Sijasaini. Hujautembea."

Mstari unapita juu ya jiko letu. Mke wangu, Monica, alilingoja jiko hilo miaka sita akipikia nje, na halijamaliza mwaka tangu lipakwe rangi. Sitawaficha kwamba niliuingiza mchoro ule kwenye kompyuta, nikaufungua mara tatu wiki hii. Jumanne nilipaona kabisa mahali ambapo mstari ungeweza kupinda kidogo na asijue mtu. Mkono ulikuwa juu ya kipanya. Fremu yangu iko mbele ya kiti changu, Bi. Tupokigwe ndiye aliyechagua pa kuitundika, na sasa najua sababu. Niliuacha mstari ulivyo. Jioni nilimweleza Monica. Aliuliza kama dirisha la jiko litafaa kutumika tena. Litafaa.

Bi. Tupokigwe, idara nzima inakushukuru. Tunakushukuru kwa njaa ya mchana, kwa mabega yaliyouma, kwa kutufundisha kupiga hodi kwa walio hai na waliolala. Umetutunza kwa kutokutuonea haya, na tumekupenda. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu, na usingizi wa mchana ambao tunajua hutaulala. Huko uendako, wakupokee kama ulivyo. Mhariri, hiyo si kampeni.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, meza inapita mtaani kwangu. Tumepata wabebaji watatu, na kona ya mbele kushoto hatujampa mtu. Alama ya X kwenye jiko nimeshaipaka mwenyewe.