Aliyemvaa Bwana Hadi

Wasikilizaji wapendwa, jambo la kwanza aliloliona Nyevu katika nyumba ile ya Mji wa Kale ni kwamba kalamu ya Bi Ummukulthum haikuenda mpaka mtu aingie mlangoni. Nyevu alileta chai. Bi mkubwa akamtazama. "Toka, mwanangu, uingie tena. Safari hii ingia kama mume aliyechelewa."

Nyevu alitoka Kaloleni akiwa msichana, kuja kufanya kazi za nyumbani. Shule aliiacha darasa la tano. Haya ilimjaa. Lakini alitoka, akaingia tena.

Leo tunamkumbuka Bi Ummukulthum, mwandishi wa riwaya, aliyetutoka juma lililopita. Ujanani aliigiza kwenye harusi, upande wa wanawake. Mwanamume haingii pale, basi wanawake wenyewe huvaa kanzu wakawa waume. Riwaya zake zilizaliwa humo. Mpwa wake, Afaf, anasema: "Shangazi hakumwandika mtu asiyemwona akitembea. Sote alituchezesha. Mimi nilikuwa mavyaa mkali kabla sijaolewa!"

Nyevu ndiye aliyekuwa Bwana Hadi, mume mwongo wa riwaya yake mashuhuri. Mwanamume akipanda darini hukohoa, wanawake wajisitiri. Nyevu akabuni kikohozi cha Bwana Hadi, kifupi, kikavu, kila anapopanda na uongo. Bi mkubwa alicheka hadi akashika ubavu. "Mume wangu huyo!" Jina likamganda. Miaka yote Nyevu aliitwa mume wangu.

Kisha ikaja filamu ya riwaya hiyo. Akaja Lewis, mwigizaji, kijana mrefu, kujifunza kuwa Bwana Hadi.

"Mume wangu, mkoholee mwenzio asikie," Bi mkubwa alimwambia Nyevu.

Nyevu akakohoa. Lewis akakohoa. Bi mkubwa akapiga makofi. "Mume wangu huyo!"

Alikuwa akimtazama Lewis.

Chai ya Lewis siku hiyo ilikuja bila sukari.

Filamu ilipoonyeshwa, Nyevu alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani akichambua mchele. Wasikilizaji wapendwa, filamu ile haianzi na sura ya Bwana Hadi. Inaanza na ngazi tupu, na kikohozi. Mji mzima ukakishika. Wachukuzi wa Marikiti walikohoa wakisukuma mikokoteni. "Hicho cha Lewis hicho!" Nyevu, kapu mkononi, akakaza mwendo.

Bi mkubwa alipougua, alimuuliza, "Umeninunia, mume wangu?"

"Sijanuna, Bi mkubwa."

Alikuwa amenuna.

Afaf, na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Nasi tukikaa kutazama filamu, tujiulize ni nani aliyepanda ngazi ile kabla kamera haijafika.

Nyevu yuko nami hapa studioni. Kila nilipomsogezea kipaza sauti, alitikisa kichwa. Sasa amekivuta mwenyewe.

"Bi mkubwa, yule nilimshinda. Nawe ulijua."