Vidole Viwili Chini ya Kola

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Kama kuna mtu jikoni, mwiteni. Kama mna mbwa uani, mwacheni huko huko kwanza. Tutamrudia kabla sijaondoka hewani.

Leo tunamkumbuka fundi wa kola za mbwa. Mtaani tulimwita Mama Kola. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Moyo ulichoka. Tumemzika jana. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Kola, fundi wa kola za mbwa, amefariki Jumanne.

Nitawasimulia maisha yake. Ndani ya maisha hayo kuna saa moja ambayo nimekaa nayo kifuani miaka kumi na moja. Katika saa hiyo na mimi nimo, na sikung'ara. Kwa hiyo msitegemee sifa tupu.

Alianza kwa kushona viatu na mikoba ya shule. Chumba chake cha kazi kilibanwa kati ya fundi wa kufuli na fundi cherehani. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kilinukia ngozi na nta. Siku moja jirani alimletea mbwa aliyechubuliwa shingo na kamba. Mama Kola akachukua mshipi wa mkoba uliochanika, akaukata, akaupiga nta, akamvisha. Mwezi haujaisha, viatu vikaanza kusubiri zamu nyuma ya mbwa. Wenye viatu walinuna. Wenye mbwa walijaa.

Kazi zake mlizijua. Zile kola pana za mbwa wazee, kwa ndani alizitandika kipande cha blanketi. Ile mikanda ya kuongozea, ya kusukwa mapindi matatu, isiyokata kiganja hata mbwa avute vipi. Na kila kola mpya aliivaa yeye kwanza. Simaanishi aliijaribu mkononi. Aliifunga bizimu, kile chuma cha kufungia, shingoni mwake, akaendelea kushona nayo saa nzima. Binti yake ameniambia: "Wageni wanaingia, wanamkuta mama ana kola nyekundu shingoni. Anawakaribisha chai kama hakuna kitu. Sisi wanawe tunatamani ardhi ipasuke."

Na vitabu je? Juu ya meza yake kulikuwa na ubao mmoja wa vitabu, na kila mteja alichaguliwa chake. Aliyefiwa na mbwa alipewa riwaya ya tarishi anayefuatwa na mbwa asiye wake. Nyumba yenye mtoto mwoga ilipewa kitabu cha hadithi chenye picha. Lakini kimoja kilikuwa cha kila mtu. Kiliandikwa na daktari wa mifugo. Jalada lilikuwa limetoka zamani, naye akakishonea jingine la ngozi ya kahawia. Ukiagiza kola, unakaa kwenye benchi, unasoma ukurasa wa ishirini na saba, halafu unaulizwa swali. Ukikosa, kola haitoki.

Watu walimtania sana. "Mama, tumekuja kuchukua kola au kufanya mtihani?"

Anajibu bila kuinua macho, "Mtihani ni wa mbwa. Wewe unamfanyia tu."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo kosa lake lilipokaa. Swali lilikuwa moja, na miaka yote lilikuwa lile lile. Kati ya kola na shingo, viingie vidole vingapi? Jibu ni viwili. Mtaa mzima ulijua ni viwili. Mimi mwenyewe nilipochukua kola ya mbwa wangu, kile kitabu sikukifungua. Nilikiweka magotini nikawa natazama wapita njia. Nilipoulizwa nikasema viwili, nikapewa kola, nikaondoka na kifua mbele.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mlinzi wa yadi ya mbao. Mtu mzima, mpole, amevaa koti kubwa kumzidi. Alikuwa na mbwa mchanga wa miezi mitatu aliyempa jina la Meneja. Alisema anapenda kusikia watu wakiambiwa, "Subiri nje, Meneja amelala." Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi, nasubiri mkanda wa mbwa wangu ubadilishwe pete. Mlinzi akapewa kitabu. Akakitazama. Akageuza kurasa, akakitazama tena. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, na hakukuwa na joto. Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Sema viwili."

Akasema viwili. Akapewa kola. Akanishukuru kwa macho, na mimi nikajiona mtu mwema.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa tena pale kwa Mama Kola, kabla ya saa sita mchana, mlinzi alipoingia mbio bila koti. "Mama, wanamuua Meneja."

Mama Kola hakuuliza maswali. Alichukua kisu cha ngozi, akakitia kwenye mkoba wake wa kazi, na kile kitabu cha daktari akakitia humo humo. Tukakimbia, yeye mbele na umri wake wa miaka sitini, mimi nyuma nahema.

Yadini palikuwa kimya. Misumeno imezimwa. Wafanyakazi wamepanda juu ya marundo ya mbao. Mpakiaji mmoja alikuwa ameumwa mkono asubuhi ile, ameshapelekwa hospitali kuchomwa sindano. Katikati ya uwanja kulikuwa na nguzo, na kwenye nguzo mnyororo mrefu, na mwisho wa mnyororo alikuwa Meneja. Amekuwa mkubwa. Mate yanamtoka. Kichwa amekishusha, na sauti inayotoka haikuwa ya kubweka. Mnyororo ulikuwa umechora duara kwenye vumbi la mbao, na hakuna aliyethubutu kuvuka mstari ule.

Bwana mifugo alikuwa ameshafika. Bunduki begani. Tajiri wa yadi alikuwa pembeni yake, anatazama saa.

"Ana kichaa cha mbwa," tajiri akasema. "Mmalize, watu warudi kazini."

Mama Kola alisogea mpaka kwenye mstari wa duara. Akasimama, akatazama shingo. Aliona nzi. Aliona nywele zimelowa. Kola yake aliitafuta na hakuiona, ila kipande cha bizimu, kimezama kwenye nyama. Mbwa alikuwa amekua, na kola haikukua.

"Huyu hana kichaa," akasema. "Huyu ananyongwa. Na kola inayomnyonga nimeishona mimi."

Kisha akamgeukia mlinzi. Hakupandisha sauti. "Kaka yangu, si ulisoma ukurasa wa ishirini na saba? Si imeandikwa pale kwamba mbwa mchanga unampima kila wiki?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Mama, mimi sijui kusoma. Nilidhani manyoya yamejaa tu. Na wiki mbili hizi hataki nimguse."

"Na jibu ulilitoa wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Mlinzi angeweza kugeuka tu, akanionyesha kwa kidole. Hakugeuka. Alisema, "Nililisikia." Na mimi, ambaye leo mnalipia umeme kunisikiliza nikiongea, siku ile sikuwa na neno hata moja.

Bwana mifugo alikuwa mtu wa haki. Alisema cheti cha chanjo amekiona, ni cha kweli. Lakini dawa ya kumlaza mbwa hakuwa nayo, na kuifuata ni safari ya kwenda na kurudi mpaka kesho. Meneja hakuwa na kesho, kila mtu aliyemsikia akivuta pumzi alijua hivyo. "Mama, nakupa saa moja," akasema. "Akikurukia, nampiga. Na fahamu hili: mnyororo umeshikwa na hiyo kola. Ukiikata, mbwa amefunguka."

"Naelewa," akasema Mama Kola.

Akavuka mstari. Akaketi chini kwenye vumbi la mbao, ubavu kwa mbwa, akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti. Ndiyo, kusoma. Alianza ukurasa wa kwanza, habari za maji safi na kivuli. Sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka. Meneja alinguruma. Yeye akasoma. Mwisho wa ukurasa akafunua, akajisogeza shubiri moja. Akasoma tena. Ukurasa, shubiri. Juu ya marundo ya mbao hakuna aliyekohoa. Jua likafika utosini. Ukurasa wa kumi, Meneja aliruka, mnyororo ukapiga kelele, nikaona bunduki inapanda. Mama Kola hakusogea wala hakuacha kusoma. Alikuwa kwenye aya ya minyoo, akaimaliza. Meneja akarudi nyuma akisota, anahema kama mtu aliyezama majini. Bunduki ikashuka, taratibu.

Ukurasa wa ishirini na sita alikuwa amefika. Goti lake liligusana na mguu wa mbele wa mbwa. Meneja alikuwa amelala, macho kwenye kitabu. Nadhani ile sauti ndiyo iliyomshika.

Lakini kisu kinataka mkono, na shingo inataka mkono wa pili. Kitabu kishikwe na nani? Akinyamaza, mbwa anaamka. Akaingiza maneno yake katikati ya sentensi, kwa sauti ile ile, bila kugeuza kichwa: "Wewe wa redio, njoo usome."

Wakati ule kituo kilikuwa kinanifanyia majaribio. Sauti yangu ilikuwa haijaruhusiwa kwenda hewani. Nikavuka mstari, nikapiga magoti nyuma ya bega lake, nikapokea kitabu. Nikaanza kusoma. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, msikilizaji wangu wa kwanza alikuwa mbwa.

Na ukurasa ulikuwa wa ishirini na saba. Nilikuwa sijawahi kuusoma. Nilikuwa nimempa mtu mwingine jibu la ukurasa nisioujua. Nikasoma: "Mbwa mchanga hukua bila wewe kumwona akikua. Pima kola yake kila wiki, kwa vidole viwili. Vidole visipoingia, legeza siku hiyo hiyo. Mbwa hawezi kukuambia kwamba kola inabana. Atavumilia mpaka ashindwe, na akishindwa utasema ni mkali."

Nilisoma huku machozi yananishuka, na sauti nikaishikilia isipande. Mama Kola alipitisha ncha ya kisu chini ya bizimu. Meneja akatoa meno. Meno yalikuwa karibu na kifundo cha mkono wa Mama Kola, mimi nayaona juu ya kitabu. Nikarudia aya ile ile. Nikairudia mara ya tatu. Kisha nikasikia ngozi inakatika, sauti ndogo tu, na mnyororo ukaanguka.

Meneja akasimama. Amefunguka. Bwana mifugo akalenga. Mbwa akavuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa, akapita pembeni yangu, akaenda moja kwa moja kwa mlinzi, akaweka kichwa juu ya viatu vyake. Mlinzi akaanguka chini akamkumbatia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na hakuna aliyecheka.

Mpakiaji alipona. Meneja alitibiwa, akabaki na duara shingoni lisiloota nywele. Mama Kola akamshonea mkanda wa kifuani, laini, usiogusa shingo. Kila mtu alijua ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Na mtihani akaufuta. Tangu siku ile hakumuuliza mteja swali. Ukurasa wa ishirini na saba ulisomwa kwa sauti pale benchini, ajuaye kusoma na asiyejua wakisikiliza pamoja. Mlinzi alikuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi. Ilimchukua miaka miwili. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wateja.

Kosa lile Mama Kola alilibeba peke yake mpaka anakufa. "Nilikuwa nawauliza watu jibu," alikuwa akisema, "sikuwauliza kama wamesoma." Alilisema mbele yangu mara nyingi. Sikumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Jumanne nikapigiwa simu.

Kwa hiyo nawaambia ninyi. Jibu lile nililitoa mimi. Mlinzi yuko hapa studio, upande wa pili wa meza, na koti lake lile lile. Kabla hatujaanza nilimwomba msamaha. Aliniambia hivi, na ameniruhusu niwaambie: "Mwanangu, mama alijua. Nilimwambia siku ile ile jioni. Akasema tukunyamazie, ipo siku utalisema mwenyewe."

Miaka kumi na moja aliningoja.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wajukuu wanaosoma vitabu vya ubao ule: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze mahali pema. Na kwako mlinzi, na kwa Meneja aliyelala hapa chini ya meza yangu, poleni.

Tungesimama dakika moja ya ukimya kwa ajili ya Mama Kola. Asingependa tusimame bure. Nendeni uani. Mwiteni mbwa kwa sauti ya chini. Ingizeni vidole viwili chini ya kola. Visipoingia, legezeni sasa hivi. Mimi nanyamaza, nawasubiri.