Mlango wa Jumba la Mawe

Ukungu wa Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, ukishuka, hata mbuzi hutamani sweta. Asubuhi hiyo kijiwe cha Zainabu muuza kahawa kilijaa, maana habari ilikuwa imefika: jumba la mawe la Mjerumani, lile la juu ya mashamba ya kabichi, litapokea wageni, na anatafutwa mtu anayelijua wa kuwatembeza. Hafidhi, ambaye kijiwe kizima humwita Injinia ingawa hajajenga hata banda la kuku, alikuja na koti lake la harusi. Kazi ile aliitaka mpaka akasahau kahawa yake.

Akaanza na babu yake, kwamba ndiye aliyepanga mawe yale, na chokaa ilikandwa kwa mayai, ndiyo sababu kuku wa milima hii wana hasira mpaka leo.

— Na paa? akauliza Danieli, mpasua mbao wa Shume. Mbona limechongoka vile?

— Theluji, bwana mghoshi. Ikianguka, iteleze.

— Hapa imeanguka lini?

— Mjerumani alikuwa anaisubiri. Mtu mvumilivu yule.

Danieli akasema anachojua yeye ni kuta: zilifanywa nene ili mke wa Mjerumani akigomba asisikike mpaka kijiji cha Mtae. Zainabu, huku anamimina, akaongeza kwamba lile bomba la moshi halijawahi kutoa moshi. Mjerumani alikuwa anapanda humo kuchungulia meli zake Tanga. Hafidhi akaona anapitwa. Akaapa kwamba amelala humo ndani, na usiku mawe yale hukoroma Kijerumani.

Hapo akatokea dada mmoja mgeni, matope mpaka magotini, akawaamkia wote shikamoo. Akasema anaitwa Yudith, ndiye msimamizi mpya wa jumba, na ameelekezwa kwa Injinia.

— Ndiye mimi, akasema Hafidhi, akifunga kifungo cha koti.

— Samahani, baba. Ule mlango mkubwa wa mbele, unasukumwa au unavutwa?

Danieli akachungulia kikombe chake. Hafidhi akatafuta kichwani, akakuta mlango mmoja tu, umefungwa, unaonekana kwa mbali kutoka kwenye kabichi.

— Inategemea, akasema. Unaingia au unatoka?

Yudith hakucheka. Akamwekea mkononi ufunguo mkubwa kama mwiko wa ugali.

— Naingia, baba, tangu alfajiri. Nimesukuma, nimevuta. Ukiufungua, kazi ni yako.

Hafidhi akainuka taratibu. Kijiwe kizima kikamfuata mlimani, Zainabu na birika lake. Danieli alipitia kwanza nyumbani kuchukua shoka.