Anayeivaa Anasemaje?

Benchi la mbele ya duka, hapa kijijini kwetu Rhode Island, lina wenyewe. Asubuhi hiyo ya Machi 1833 theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na birika la kahawa lilikuwa limeshatoka. Mehitabel Crandall alikaa pembeni na majora mawili ya nguo nzito aliyoifuma nyumbani, akisubiri gari la kiwanda linalochukua nguo na kumwachia uzi wa kufuma nyingine. Wiki tatu halikuja. Karolina, jimbo la kusini inakouzwa nguo hiyo, imegomea ushuru wa serikali kwa bidhaa za nje, na mwenye kiwanda, kwa kuogopa kukosa soko, amezuia uzi. Leo uzi usipofika, Phebe, bintiye wa miaka kumi na miwili, anapelekwa Lowell, mji wa viwanda, kulala bwenini na kuhudumia mashine.

— Rais anapeleka manowari, alisema Gazeti. Jina lake Obed, ila husoma gazeti la wiki iliyopita kama limetoka leo.

— Manowari zifanye nini? alidakia Kapteni, ambaye hata ghuba hajawahi kuivuka. Karolina wameshaongea na Mwingereza. Watamtawaza mfalme wao!

— Watatunyima pamba.

— Nasi tuwanyime barafu tunayowauzia! Julai haifiki, watakuja wamepiga magoti.

— Mtaimaliza nchi kwa kikombe kimoja, alisema Mehitabel. Uzi je?

— Mama, hapa tunazungumzia taifa, alisema Gazeti.

— Taifa halijamnunulia Phebe soksi.

Gari likaingia. Dereva alikuwa mgeni: Primus Gould, mtu mweusi huru wa mji wa Providence.

— Bunge limepunguza ushuru, Karolina wamelegea. Uzi huu hapa.

Mehitabel alishusha pumzi.

— Si nilisema? alijigamba Kapteni.

— Wewe ulisema mfalme!

Primus alipapasa jora.

— Hii ndiyo wanayovishwa watumwa?

— Ndiyo. Haichaniki.

— Anayeivaa anasemaje?

Gazeti alijificha nyuma ya gazeti. Kapteni aliangalia buti zake. Miaka sita Mehitabel ameulizwa upana na uzito; hilo hajaulizwa. Aliisugua nguo shingoni. Ikamkwaruza.

— Dada yangu ni mtumwa kule Karolina, alisema Primus, akatoa karatasi. Tunaliomba Bunge likomeshe utumwa pale mji mkuu, linakotawala lenyewe. Wanawake pia wanatia saini.

— Mwenye kiwanda akiliona jina lako, mama, alisema Kapteni kwa sauti ya chini, uzi huo ndio wa mwisho.

Mehitabel aliutazama mzigo. Uzi wa kazi ya wiki sita; akiubana, saba.

— Kando ya mto huu kuna viwanda vinane, alisema. Mikono ninayo. Lete kalamu.

Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, bila haraka.

Gazeti alikohoa, akainuka, akaichukua kalamu.

— Sogea basi, mama. Kiwiko chako kimejaza karatasi nzima.