Emile Tambwe, Aliyekufa Mara Nyingi Uani

Wababa, wamama, ndugu wa ukoo, jirani, walimu, wakristo na waislamu mliofika hapa Kasongo leo Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, mimi ni Sidonie, mdogo wake marehemu, niliyemfuata moja kwa moja tumboni mwa mama, na familia imenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma historia hii, ingawa wababa wadogo wawili waliokaa pale mbele wanajuta tangu jana kwamba walinipa, na bado hawajajuta vya kutosha, kwa hiyo naomba mukae, munyamaze, na asiyeweza kunyamaza atoke sasa.

Yaya Emile Tambwe Mukanga, kaka yangu, alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu Christophe Mukanga, mkulima na katekista, na mama yetu Pascaline, ambaye anatusikiliza kutoka kwenye mkeka ule. Mama anasema mtoto huyo hakumngoja mkunga, alitoka akiwa na haraka zake, akatembea mapema, na tangu alipotembea hakuna kiti kilichomweka.

Alisoma shule ya msingi pale pale Nyangwe kuanzia 1980 hadi 1986, kisha akaja Kasongo kwa sekondari, akapata diploma ya Serikali mwaka 1993, upande wa ualimu. Akiwa bado darasa la sita la msingi ngoma ya shule ilipotea, naye akaandika ubaoni majina ya washukiwa watatu pamoja na sababu zao, na wa tatu alikuwa mkurugenzi mwenyewe, akachapwa mpaka mama akaenda kumbeba. Ngoma ilikuwa imeazimwa tu na wanakwaya wa kijiji cha pili. Alikosea, na kukosea huko kulimpa utamu kuliko aibu, akawa anatusumbua kila kitu kikipotea nyumbani, hata kisu cha kumenyea muhogo.

Septemba 1994 alianza kufundisha Kifaransa Kabambare, na miaka ya vita ilipokuja alikimbilia porini pamoja na wengine, akafundisha watoto huko kwa makaa juu ya majani ya ndizi, na hayo wengi wenu munayajua kwa sababu watoto hao ni ninyi. Mwaka 2009 kitabu chake cha kwanza kilichapwa Bukavu, hadithi ya Inspekta Zakaria, askari wa upelelezi asiyevaa viatu vipya kwa sababu vinalia, na vitabu vikaja mpaka Salamabila mgongoni mwa pikipiki, wachimbaji wa dhahabu wakavisoma kwa tochi ya kichwani, asiyejua kusoma akasomewa. Mwaka 2012 aliacha chaki kabisa. Baba alimuuliza kama uongo ni kazi, yeye akajibu kwamba ni kazi kama muongo haibi, na baba akacheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa baba.

Alifunga ndoa na Kavira Jumamosi tarehe 13 Agosti 2011, hapa Kasongo. Kavira ni mtu wa Butembo, alikuwa akiuza vitenge Salamabila, na siku walipoonana alimwambia mbele ya wateja, “Mwalimu, ile sumu ya kitabu chako haiwezi kuua hata kuku, nani alikudanganya?” Mimi nilikuwepo, na nilijua hapo hapo kwamba huyu ni wifi yangu. Mungu aliwapa watoto wawili, Nadine aliyezaliwa 2012 na Dady aliyezaliwa 2015, na nimeambiwa nisome majina ya watoto, niruke la mama yao, nami nalisoma tena ili liingie vizuri: Kavira, mke wa ndoa.

Mwaka 2019 yaya alimchoka Inspekta Zakaria, akamuua kwenye kitabu cha tisa, akamtupa mtoni Lualaba. Jamani! Wachimbaji wa Salamabila walimfanyia matanga mtu wa karatasi, wakaleta turubai, wakapika, wakalia kweli, na mmoja akamtumia yaya ujumbe kwamba asikanyage huko mpaka apeleke maiti. Kwa miaka miwili hakuandika kitu, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, leo Kabambare, kesho Nyangwe, keshokutwa tunasikia yuko Wamaza, na huko Wamaza, kwenye kilio cha mtu asiyemjua hata jina, alikaa nyuma akasikiliza historia ya marehemu, akarudi usiku huo huo, akamwamsha Kavira na kumwambia amempata.

Aliyempata ni Mama Chimène, mpelelezi wake mpya, mama mjane wa Wamaza ambaye hana bastola wala cheo, ana mwandiko mzuri tu, na kwa sababu ya mwandiko huo familia humwita aandike historia za marehemu wao. Anakaa nao, anauliza alizaliwa wapi, alisoma wapi, wanajibu wote kwa pamoja kama darasa, mpaka wafike kwenye ugonjwa, hapo midomo inakauka, mmoja anasema “aliugua kidogo, akafa,” na Mama Chimène anaweka kalamu chini, anaomba maji ya kunywa, na haondoki. Kitabu cha kwanza cha Mama Chimène kilitoka 2022, cha pili 2024, na radio ya hapa ilivisoma kila Jumamosi, hata ninyi wababa wadogo mulikuwa munafunga milango ili watoto wasipige kelele.

Kitabu cha tatu ndicho kilichotuletea maneno. Humo mfanyabiashara wa dhahabu anaanguka mbele ya wageni wake akiwa na sahani ya sombe mkononi, na yaya alikuwa hajajua bado nani kamuua, lakini kwanza alitaka kujua mtu wa namna hiyo anaangukaje, kifudifudi au ubavu, na sahani inatangulia au inafuata. Hakuweza kuandika kitu ambacho hakukiona. Basi kila alasiri, tangu Krismasi, Kavira alimletea sahani pale uani, yaya akaonja, akashika shingo, akaanguka, watoto wakapiga makofi, na jirani wakaja kwenye ua kutoa maksi. Mumoja alimwambia ameanguka kama mutu anayetafuta sabuni. Yaya akamshukuru, akainuka, akafa upya.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na wale wawili pale mbele wameniangalia, nami ninaomba maji ya kunywa.

Asante. Ugonjwa wa marehemu ulikuwa tansiyo, presha ya damu, ulionekana hospitalini mwezi wa Oktoba 2023, daktari akampa dawa za kumeza kila siku ya Mungu, naye akawa anazimeza wiki moja na kuziacha wiki mbili, kwa sababu, alisema, zinamlaza usingizi na Mama Chimène anamngoja. Kavira alizificha kwenye bugali, yaya akagundua. Mama alimlilia, akamwahidi mama, akamdanganya mama. Mimi nilimtukana, na simwombi samahani hata leo, yaya, ulikuwa kichwa ngumu!

Jumanne tarehe 3 Februari, alasiri, Kavira alimletea sahani, na yaya alianguka kabla hajaonja. Kavira aliona mdomo umeenda upande, akapiga kelele, na upande wa pili wa ua watu wakacheka, mmoja akasema kwa sauti, “Leo Emile amekufa muzuri kuliko jana.” Kavira alikimbia barabarani akiita motari wa pikipiki, motari naye akacheka, akamuuliza kama leo kitabu kinafika hospitali. Ni Nadine, mtoto, aliyewapigia magoti. Walifika hospitalini giza likiingia, wauguzi na daktari hawakulala, na Jumatano asubuhi yaya Emile alitutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Daktari alitueleza mama na mimi kwamba mshipa ulipasuka kichwani, na tansiyo ndiyo iliyoupasua.

Lakini tangu jana kwenye matanga haya kuna historia nyingine inatembea, kwamba mwanamke wa kuja amemulisha mume wake sumu, kwamba alikuwa anajizoeza mbele ya macho yetu, na shauri limekatwa kabisa kwamba kaburi likifunikwa, Kavira apandishwe pikipiki arudi kwao bila watoto, tena nikatumwa niandike “alikufa ghafla kwa mkono wa mtu.” Sikuandika. Sombe ya siku ile ilibaki chungu kizima, Nadine na Dady walikula, na mimi mwenyewe nilikula usiku nikingoja habari, nikalamba na mwiko, na niko hapa nawapigia kelele. Kama ile iko sumu, basi ni sumu ya ajabu, inaua mtu ambaye haijafika mdomoni mwake!

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliopigana usiku mzima, walimu wa Kabambare waliokuja kwa mguu baada ya daraja kuharibika, wachimbaji wa Salamabila ambao safari hii wameleta turubai kwa mtu wa nyama na damu, na watu wa radio waliotangaza kilio bila malipo.

Nimebakiza jirani, na desturi inanitaka niwashukuru, na usiku kucha nimetafuta namna. Mulikuja kila alasiri kumwona akianguka, mulimpenda, hilo nalijua. Siku alipoanguka kweli mulicheka, na mimi ningekuwa pale ningecheka kuliko ninyi wote, hakuna mwenye kosa, mtu mwenyewe ndiye aliyetuzoesha. Lakini kicheko kile kinawachoma moyoni, nawaona munavyokwepa macho ya Nadine, na ndiyo sababu munamutafuta mutu wa kumubebesha. Mumutafute mahali pengine, ao mukae nacho kama sisi tunavyokaa nacho. Asanteni kwa chakula, kwa viti, na kwa kuja mara hii.

Yaya Emile, wewe ambaye hukujua kukaa, sasa kaa, upumzike kwa amani ya Bwana, sisi tutagombana kwa niaba yako. Wanaume, musiguse majembe bado. Kavira, wifi yangu, inuka, pita hapa mbele, chukua udongo, wewe ndiye wa kwanza.